Simba Ni Kumi

Kama ulikuwa Kisumu mwaka 2005, hata kama ulikuwa mtoto, unakumbuka matunda. Tarehe 21 Novemba mwaka huo Wakenya walipiga kura ya maoni kuhusu rasimu ya katiba. Rasimu yenyewe ilikuwa kitabu kizima cha lugha ya mawakili, na wapiga kura wengi hawakuwa na muda nacho, wengine hawakujua kusoma kabisa. Tume ya Uchaguzi ikatafuta njia. Anayekubali, ndizi. Anayekataa, chungwa. Basi. Mtaani kwetu mtu hakukuuliza msimamo wako kuhusu ugatuzi. Aliuliza wewe ni tunda gani.

Chungwa lilishinda, na kutoka kwa tunda hilo kikazaliwa chama. Miaka mitano baadaye, tarehe 4 Agosti 2010, tukapiga kura nyingine ya katiba, safari hii kwa rangi: kijani ni ndiyo, nyekundu ni hapana. Maprofesa walitia alama penye rangi, wachuuzi walitia alama penye rangi, na hakuna aliyetuambia kwamba sisi ni taifa la watu wasioweza kufikiri.

Naanza na matunda kwa sababu nataka kuandika historia ya kitu kinachoonekana kidogo sana: ishara ya macho. Yaani picha, rangi, umbo, mshale, doa. Chochote kinacholiambia jicho, angalia hapa. Sisi wote tunaishi kwa ishara hizo. Nenda Kibuye siku ya Jumapili. Nyanya zimepangwa mafungu, na fungu lenyewe ndilo bei. Omena inapimwa kwa gorogoro, na macho yako yanajua kama imejaa au umepunjwa. Hakuna anayeliita soko hilo darasa la watu wazito.

Lakini mtu mwenye ulemavu wa akili akihitaji ishara ileile ili ajifunze, ghafla tunabadilisha lugha. Tunasema anachezeshwa. Tunasema ni mambo ya chekechea. Au tunasema, kwa ile sauti ya huruma inayoumiza kuliko tusi, kwamba huyo hata umfundishe vipi haitaingia. Nimeisikia sauti hiyo maisha yangu yote, kwa sababu ya ndugu yangu. Ni mtoto wa mama mdogo, lakini tumelelewa ploti moja hapa Migosi, na kwa Wajaluo huyo ni ndugu tu, hakuna haja ya neno lingine. Nitamrudia baadaye. Kwanza twende mbali kidogo, maana swali la nini "huingia" na nini "haiingii" lina zaidi ya miaka 200.

Mwaka 1800 mvulana wa takriban miaka 12 aliletwa Paris. Alikuwa amepatikana akiishi peke yake msituni, eneo la Aveyron kusini mwa Ufaransa, bila nguo na bila lugha. Philippe Pinel, daktari wa akili aliyeheshimika kuliko wote mjini, alimkagua na kutoa hukumu: hafundishiki. Daktari mwingine, kijana aliyefanya kazi katika taasisi ya viziwi, alikataa hukumu hiyo. Jina lake Jean Itard. Alimchukua mvulana, akampa jina Victor, akaanza kumfundisha.

Itard alichora kwenye ubao vitu ambavyo Victor alivijua, ufunguo, mkasi, nyundo, kisha akatundika kila kitu juu ya mchoro wake. Akavishusha vyote, akampa Victor avirudishe. Victor akavirudisha, kila kimoja mahali pake, bila kosa. Mwalimu mwingine angepiga makofi na kuandika ripoti. Itard alishuku. Akabadilisha mpangilio wa michoro, akampa tena vile vitu. Victor akavitundika palepale vilipokuwa mwanzo, mkasi juu ya mchoro wa nyundo, ufunguo juu ya mkasi, bila kuijali ile michoro.

Hapo ndipo historia yote hii inaanzia, kwa maoni yangu. Victor alikuwa amejifunza, tena amejifunza vizuri, ila hakujifunza kile mwalimu alichodhani anafundisha. Mwalimu aliona picha. Mwanafunzi aliona mahali. Macho yalikuwa yamefunguliwa, akili ilikuwa inafanya kazi, lakini ishara iliyomfikia haikuwa ile iliyotumwa. Itard aliendelea kuchanganya mpangilio mpaka Victor akalazimika kuutazama mchoro wenyewe.

Victor hakuwahi kuzungumza kama wengine, na Itard mwenyewe alikata tamaa. Hata hivyo mbinu haikufa. Mwanafunzi wake, Édouard Séguin, aliichukua na kuipanua: mbao za kupachika maumbo, rangi, vitu vya kushikwa kabla ya kutajwa. Akafundisha Paris watoto ambao hakuna shule iliyowataka, kisha akahamia Marekani. Mwishoni mwa karne ya 19, Roma, daktari mwingine kijana aliyekuwa akihudumia watoto wenye ulemavu wa akili alisoma kazi za Itard na Séguin kwa makini mno, hata akazinakili kwa mkono. Huyo ni Maria Montessori. Tarehe 6 Januari 1907 alifungua nyumba ya watoto katika mtaa maskini wa San Lorenzo, akaingiza humo vifaa vilevile, safari hii kwa watoto wasio na ulemavu.

Sasa fikiria. Leo ukipita mitaa ya Kisumu utaona neno Montessori kwenye mageti ya shule za chekechea zilizopakwa rangi, zenye karo ya kukutoa jasho. Wazazi wanalipa ili watoto wao wapate mbinu iliyozaliwa kwa ajili ya watoto waliokuwa wamefungiwa nje ya kila geti. Ni mbinu ileile. Kwa mtoto mmoja inaitwa ubunifu, kwa mwingine inaitwa kupoteza muda.

Hapa nyumbani historia ilikuwa na uchungu wa ziada, kwa sababu kwa muda mrefu wataalamu hawakuuliza kama mtoto fulani wa Kiafrika anaweza kujifunza. Waliuliza kama Mwafrika yeyote anaweza. J. C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya Mathari, Nairobi, kuanzia 1938 hadi 1950, aliandika kitabu kuhusu akili ya Mwafrika kilichochapishwa mwaka 1953 na Shirika la Afya Duniani. Humo alimlinganisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Si kijitabu cha mlevi fulani. Ni Shirika la Afya Duniani.

Picha nazo zikawa mtihani. Mwaka 1960 William Hudson, Afrika Kusini, alichapisha utafiti uliotumia mchoro wa mwindaji, swala na ndovu. Ndovu amechorwa mdogo ili aonekane yuko mbali. Ukisema mwindaji anamlenga ndovu, unahesabiwa kuwa huoni kina cha picha. Kenya nayo ilipimwa: mwaka 1963, mwaka wa Uhuru, Alan Holmes alichapishwa London na utafiti wake kuhusu jinsi Wakenya wanavyoelewa alama za kuchorwa.

Miaka iliyofuata watafiti wengine walionyesha kwamba michoro ya Hudson yenyewe ilikuwa na utata, na kwamba kusoma picha kunafunzwa. Mshale si kitu cha asili. Hakuna mtu aliyezaliwa akijua kwamba mistari mitatu iliyokutana inamaanisha "nenda kule". Kitu kidogo maana yake kiko mbali: huo ni mkataba kati ya mchoraji na mtazamaji, na kama hukuwepo mkataba ukiwekwa, huwezi kulaumiwa kwa kuuvunja. Babu zetu waliitwa wajinga kwa sababu hawakutazama pale mpimaji alipotaka watazame. Sisi wajukuu wao tungepaswa kuwa watu wa mwisho duniani kumfanyia mtu mwingine hivyo. Wapi.

Mwaka huohuo wa 1963, huko Connecticut, Marekani, David Zeaman na Betty House walichapisha kazi ambayo natamani kila mwalimu angesimuliwa. Waliwapa watoto wenye ulemavu wa akili mchezo rahisi: vitu viwili kwenye sinia, tofauti kwa rangi na umbo, na peremende chini ya kimoja. Peremende inafuata, tuseme, rangi. Je, mtoto atagundua?

Ukijumlisha matokeo ya watoto wote na kuchora grafu, unapata mlima unaopanda taratibu, na unasema, ona, hawa hujifunza polepole. Zeaman na House walichora grafu ya kila mtoto peke yake, wakazipanga kuanzia pale kila mmoja alipofaulu, wakirudi nyuma. Picha ikabadilika kabisa. Mtoto alikuwa akibahatisha, nusu kwa nusu kama kurusha shilingi, siku baada ya siku, mstari ukiwa bapa kama uwanda wa Kano. Kisha ghafla, juu! Aliyechelewa na aliyewahi, walipoanza kupanda walipanda karibu kwa kasi ileile. Kilichowatofautisha ni urefu wa ule uwanda, yaani muda uliopita kabla jicho halijaangukia kitu kinachohusika. Mtoto alikuwa bado anatazama upande wa kushoto na kulia, au umbo, wakati jibu lilikuwa kwenye rangi.

Kama hilo ni kweli, kazi ya mwalimu inabadilika. Kurudia jambo lilelile kwa sauti kubwa zaidi hakufupishi uwanda. Kinachoufupisha ni kuifanya ile tofauti inayohusika ipige kelele machoni, halafu kuipunguza kelele kidogokidogo.

Mwaka 1967 Murray Sidman na Lawrence Stoddard walilijaribu hilo. Walitaka watoto wenye ulemavu wa akili watofautishe duara na duaradufu. Kundi moja liliachwa lijaribu na kukosea mpaka lijue. Kundi la pili lilianza na jambo ambalo huwezi kukosea: duara limewashwa taa, vibonye vingine vyote viko gizani. Kisha giza likapunguzwa hatua kwa hatua. Kisha yale maumbo mengine yakaanza kutokea, hafifu kama maji kwenye karatasi, mpaka yakakolea. Wengi wa kundi hili walijifunza. Wengi wa kundi la kwanza hawakujifunza, na makosa waliyoyafanya yaliwaachia mazoea mabaya, kama kubonyeza upande mmoja tu, ambayo yaliwaandama baadaye.

Mkazo uko kwenye kupunguza. Ishara ni kama mkono unaomshika mtoto anayejifunza baiskeli: usipoushika ataanguka, usipouachia hataendesha. Mwaka 1967 pia, S. Jay Samuels alionyesha kwamba picha iliyowekwa kando ya neno inaweza kumzuia mtoto asijifunze neno lenyewe. Mwaka 1990 Singh na Solman walikuta hali hiyohiyo kwa watoto wenye ulemavu wa akili. Kwa nini nihangaike na herufi k-u-k-u ikiwa kuku mwenyewe amechorwa hapo juu, mwekundu, na kilemba kichwani? Ukiniuliza nasema kuku. Mwalimu anafurahi. Funika picha, neno limepotea. Ni Victor tena na ubao wake.

Darasa la ndugu yangu lilikuwa hivyo. Nilikuwa nikienda kumchukua jioni, kitengo maalum ndani ya shule ya msingi ya serikali hapa mjini, na kuta zilikuwa zimejaa chati kutoka sakafuni hadi dari. Matunda, wanyama, siku za wiki, viungo vya mwili. Ungedhani ni tatizo la kukosa picha. Kumbe picha zilikuwa nyingi mno, zote zikipiga kelele pamoja, na hakuna hata moja iliyowahi kuondolewa.

Sidharau kilichowezesha darasa hilo kuwepo. Chama cha wazazi na marafiki wa watu wenye ulemavu wa akili kiliundwa Kenya mwaka 1971. Vituo vya kuwapima watoto na kuwaelekeza shuleni vilianza 1984, na taasisi ya kuwafunza walimu wa elimu maalum, KISE, ikafunguliwa 1986. Elimu ya msingi bila malipo ilipokuja 2003, mama mdogo alimshika ndugu yangu mkono akaenda shule ya kwanza, akaambiwa hapa si mahali pake. Akaenda ya pili. Akaenda ya tatu, na hapo kulikuwa na kitengo. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu aheshimiwe na asiitwe kwa jina la kumdhalilisha. Mama mdogo anakijua kifungu hicho kwa nambari. Amekitumia kwenye steji ya matatu.

Kilichomshinda ndugu yangu kwa miaka ni pesa. Si kuhesabu, mpaka 20 anahesabu. Ni kujua sarafu ipi ni ipi. Sasa zikumbuke zile sarafu tulizokua nazo. Uso wa Mzee Kenyatta kwenye ya moja, uso wa Mzee kwenye ya tano, ya kumi, ya ishirini. Ukigeuza, nembo ya taifa kwenye zote. Kile kikubwa kilichoonekana kwa macho, uso wa mtu, ndicho kilichokuwa hakina habari yoyote. Habari ilikuwa kwenye ukubwa na tarakimu. Ndugu yangu alikuwa anautazama uso, kama mtu yeyote mwenye adabu anavyotazama uso.

Kifungu cha 231 cha katiba hiyohiyo kilikataza picha ya mtu kwenye pesa. Sababu ilikuwa siasa, si elimu. Lakini tarehe 11 Desemba 2018 sarafu mpya zilipozinduliwa, zilikuja na wanyama. Shilingi moja ni twiga. Tano ni kifaru. Kumi ni simba. Ishirini ni ndovu.

Alikuwa na miaka 22, amemaliza kitengo, yuko nyumbani. Mwalimu wake wa zamani, mama mmoja wa sauti ya chini ambaye nadhani hajawahi kusikia jina la Itard, alikuja na kadi nne. Kila kadi ilikuwa na mnyama mkubwa na duara la kuwekea sarafu. Simba juu ya simba. Kila siku alibadilisha mpangilio wa kadi mezani, na nilipomuuliza sababu alinijibu, "Asije akazoea meza badala ya pesa." Baada ya wiki kadhaa wanyama kwenye kadi walikuwa wadogo. Kisha wakabaki vivuli, na kando yake tarakimu kubwa. Kisha tarakimu peke yake.

Kilichofuata hakikuwa kwenye kadi. Ndugu yangu alianza kuketi kwenye kibanda cha mama yake cha chai na mandazi, mandazi moja kumi. Siku moja kijana wa boda alichukua mandazi, akamtupia tano, akageuka kwenda. Ndugu yangu akasimama.

"Omera. Hii ni kifaru."

"Si ni pesa?"

"Mandazi ni simba. Leta kifaru mwingine. Vifaru wawili ni simba."

Watu kwenye benchi walicheka, na yule kijana akarudi akalipa. Tangu siku hiyo ndugu yangu amejijengea hesabu yake mwenyewe, ambayo hakuna aliyemfundisha: vifaru wawili ni simba mmoja, simba wawili ni ndovu mmoja. Nimewasikia watoto wa ploti wakiitumia wakitumwa dukani. Walimwita majina zamani. Sasa wanamwazima lugha.

Ningependa kuishia hapo, ila historia haikungoja. Wateja wa kibanda sasa wengi wanalipa kwa simu. Pesa imekuwa ujumbe: mistari ya maneno, majina, tarehe, herufi za siri, na mahali fulani katikati ya vurugu hilo, kiasi. Hakuna simba. Tena kiasi chenyewe kinakuja na nukta na sifuri mbili nyuma, kwa hiyo kumi inaonekana kama elfu kwa mtu aliyejifunza kuhesabu tarakimu kwa bidii. Mpumbavu akitaka kumwonyesha ujumbe wa wiki iliyopita, atamwonyesha.

Kuna watakaosema basi arudi nyumbani, dunia imempita. Miaka 200 ya ushahidi inasema tuulize kwanza anatazama wapi. Kwa hiyo tumechapisha ujumbe wa kweli kwenye karatasi, herufi kubwa, kwenye duka la fotokopi karibu na Kondele. Tumepiga mstari mwekundu mnene chini ya zile herufi tatu, Ksh, na tarakimu inayofuata. Kila wiki mstari unapungua. Jana ulikuwa mwembamba kama uzi, na kati ya karatasi kumi alipata nane.

Zile sifuri mbili za mwisho bado tunazifunika kwa kidole.